Mbao Ngeni Yenye Mafuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachongaji

Mchongaji yeyote aliyekaa katika kazi hii muda wa kutosha huletewa, mapema au baadaye, kipande cha mti asichokijua. Huenda kimetoka kwenye jahazi lililovunjwa, au kwenye karakana ya seremala aliyestaafu, au kwenye mzigo wa rafiki aliyetoka safari ya mbali. Kipande ni kizito kuliko kinavyoonekana, kikikatwa uso wake hung'aa kama uliopakwa mafuta, na vumbi lake linanata vidoleni. Maswali yaliyo hapa chini yanahusu kuutambua mti wa namna hiyo, kuuchonga bila kujidhuru, na kuumalizia usibaki ukinata. Jambo moja linajirudia katika majibu mengi, nalo ni kwamba mti uliojaa mafuta yake huhitaji kupakwa vitu vichache kuliko miti mingine, lakini huhitaji kujulikana zaidi.

Nitajuaje kwamba mafuta haya ni ya mti wenyewe na hayakupakwa na mtu?

Swali hili litangulie mengine yote, kwa sababu mbao nyingi za kuokota zimelowa vitu vilivyotoka nje. Mbao za majahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, mwaka baada ya mwaka, na sehemu ya chini ikakandikwa deheni ya chokaa na shahamu. Mbao za sakafu ya gereji zimenyonya oili ya injini. Hatari kuliko zote ni mataruma ya zamani ya reli na nguzo za umeme au simu, ambazo nyingi zilishindiliwa kriosoti, mafuta meusi yatokanayo na makaa ya mawe yenye harufu kali ya lami. Kriosoti huunguza ngozi na ina kemikali zinazosababisha saratani; mbao ya aina hiyo haichongwi, haipigwi msasa, wala haichomwi jikoni.

Kata kipande katikati, mbali na ncha, kisha utazame uso mpya. Mafuta yaliyotoka nje huwa mengi pembezoni na kwenye nyufa, hupungua kuelekea ndani, na hayafuati rangi ya mti. Mafuta ya mti wenyewe huwa kwenye kiini, na hukoma ghafla pale linapoanza lile tabaka la nje lenye rangi nyeupe au ya njano. Ukiona tabaka jeupe kavu limekizunguka kiini chenye mafuta, hapo mafuta ni ya mti. Na ukinusa lami, samaki au dizeli, pua yako imekwisha kukujibu.

Hayo yanayoitwa mafuta ya mti ni kitu gani hasa?

Si mafuta kama ya nazi au ya alizeti. Ni mchanganyiko wa utomvu, nta na kemikali nyingine ambazo mti hujaza katika kiini chake kadiri unavyozeeka, na ambazo huuzuia usiliwe na mchwa wala kuozeshwa na kuvu. Kemikali hizo ndizo zinazoupa mti rangi, harufu na uzito, na ndizo hizo hizo zinazoizuia vanishi isikauke, gundi isishike, na ngozi ya fundi isitulie.

Nianzie wapi kuutambua mti?

Anza na uzito, kwa sababu mizani haidanganyi na haihitaji utaalamu. Kata kipande chenye pembe nne, pima urefu, upana na unene kwa sentimita, zizidishe upate ujazo, kisha gawanya uzito wa gramu kwa ujazo huo. Kipande cha sentimita 10 kwa 5 kwa 4 kina ujazo wa sentimita za ujazo 200. Kikiwa na gramu 250, jibu ni 1.25, na kipande hicho kitazama majini. Miti inayozama ikiwa mikavu kabisa ni michache duniani, kwa hiyo kipimo hiki kimoja huondoa majina mengi kwenye orodha. Hata hivyo mti mbichi una maji ndani yake na huweza kuzama hata kama ni mwepesi kwa asili, basi usipime gogo lililokatwa wiki iliyopita ukaamini matokeo.

Baada ya uzito, tazama uso wa kichwani, yaani pale nyuzi zilipokatwa kwa kukingama. Usitazame ulivyoachwa na msumeno. Unyoe kwa wembe au patasi kali sana mpaka ulainike, ulowanishe kidogo, kisha utumie kioo cha sonara kinachokuza mara 10. Angalia vitundu: je, ni vikubwa vya kuonekana kwa macho au vidogo mno? Vimetawanyika sawasawa, au vimejipanga katika duara za mwaka? Viko peke yake au viwili viwili na vitatu vitatu? Angalia pia mistari myeupe myembamba inayoviunganisha au kuvizunguka. Kisha geuza kipande utazame ubavu uliopasuliwa sambamba na duara za mti. Katika miti ya jamii ya Dalbergia (jamii ya mpingo) na Pterocarpus (jamii ya mninga), mara nyingi utaona vijistari vidogo vilivyopangika kama mawimbi ya mchanga wa pwani maji yakupwapo. Alama hiyo ni ndogo, lakini ina thamani kubwa kuliko rangi.

Rangi ije baadaye, na harufu pamoja nayo. Rangi hubadilika kwa mwanga na hewa, hivyo linganisha daima uso mpya na uso wa zamani na uandike zote mbili. Harufu inuswe mara tu baada ya kukata, kwa kuwa baadhi huisha ndani ya dakika chache. Usionje mti usioujua. Wapo mafundi wa zamani waliokuwa wakifanya hivyo, na siwashauri wachongaji wa leo wawaige.

Mwisho, chukua tambara jeupe lenye spiriti usugue kiini. Miti mingi yenye mafuta itaacha rangi kwenye tambara, na rangi hiyo ni dalili mojawapo. Weka pia vipande vichache vyembamba vilivyonyolewa kwenye kiini katika glasi ya maji usiku kucha, kisha uitazame glasi juani ukiweka kitu cheusi nyuma yake. Baadhi ya miti ya jamii ya Pterocarpus, ambayo mninga ni mmoja wao, huyapa maji mng'ao wa buluu unaoshangaza mtu akiuona kwa mara ya kwanza.

Ni miti gani inayostahili kushukiwa kwanza?

Katika Afrika Mashariki, mti mzito wenye mafuta na kiini cheusi au cha zambarau iliyokolea uanze kuufikiria kuwa ni mpingo, Dalbergia melanoxylon. Uzito wake mkavu ni takriban 1.2 hadi 1.3, unazama majini, vitundu vyake ni vidogo mno, na tabaka lake la nje ni jembamba lenye rangi ya njano hafifu linalotengana na kiini kama lililochorewa mpaka. Kiini chake mara nyingi si cheusi tii. Ukikitazama juani utaona kahawia ya zambarau yenye michirizi myeusi. Huu ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotumiwa na viwanda vya Ulaya kutengenezea ala za muziki za kupuliza kama klarineti na obo.

Muhugu, Brachylaena huillensis, hujulikana zaidi kwa wachongaji wa Kenya. Una rangi ya kahawia ya njano, nyuzi laini kupita kiasi, na harufu tamu inayowafanya wengi waudhanie msandali. Uko karibu kuwa na uzito wa maji lakini kwa kawaida huelea. Wakamba waliuchonga kwa wingi tangu ufundi wa vinyago ulipoletwa Wamunyu, Ukambani, na Mutisya Munge, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na uchongaji huo ni miongoni mwa sababu za mti huu kuadimika.

Msandali wenyewe wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ni mti mdogo. Ukiletewa ubao mpana ukaambiwa ni msandali, kuna jambo.

Msaji, ambao wengine huuita mtiki, ni mwepesi zaidi, takriban 0.65, wenye rangi ya dhahabu inayokolea kuwa kahawia, duara za mwaka zinazoonekana wazi, na harufu kama ya ngozi ya kiatu kuukuu. Unapatikana kwa sababu mbili: mashamba ya Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, na mbao za kale zilizoletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya majahazi na milango. Ukiushika unahisi kama nta, lakini unavyoitafuna patasi utadhani umechanganywa na mchanga, na ni kweli kwamba una chembe za silika ndani yake. Mvule huchanganywa nao mara kwa mara. Tofauti moja ni kwamba mvule huweza kuficha mawe madogo ya chokaa katikati ya mbao, na fundi huyagundua makali ya chombo chake yanapomeguka.

Kwa walio Ulaya na Amerika, au kwa aliyeletewa zawadi kutoka huko, majina mawili yafikiriwe. La kwanza ni kokobolo, Dalbergia retusa, kutoka upande wa Pasifiki wa Meksiko na Amerika ya Kati: kiini cha rangi ya chungwa na nyekundu chenye michirizi myeusi, uzito wa takriban 1.1, na vumbi lenye rangi kali. La pili ni miti ya Guaiacum ya visiwa vya Karibi na nchi zinazoizunguka bahari hiyo, iliyo miongoni mwa miti mizito kuliko yote inayouzwa. Kiini chake kina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na huzidi kuwa kijani kikikaa juani. Mti huu una utomvu mwingi kiasi kwamba ulitumiwa kushikilia mihimili ya rafadha za meli, ukijilainisha wenyewe ndani ya maji. Aliyeokota kapi kuukuu ya meli iliyo nzito kama jiwe, yenye kung'aa kijani, huenda ameokota mti huo.

Nimeuziwa kinyago cheusi na kuambiwa ni mpingo. Nitajuaje ukweli?

Kipindue. Kwaruza kidogo chini ya kitako, mahali pasipoonekana, mpaka upite tabaka la juu. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utaonyesha weupe au wekundu ndani ya nusu milimita. Usitegemee tambara lenye spiriti pekee, kwa sababu mpingo halisi nao hutoa rangi. Ila rangi yake ni kahawia ya zambarau, ilhali rangi ya viatu hutoka nyeusi kama masizi. Na kinyago cha mpingo chenye ukubwa wa kiwiko cha mkono hakibebwi kwa vidole viwili.

Je, picha ya simu inatosha kumwonyesha mtaalamu?

Picha ya ubavu wa mbao haitoshi kamwe. Picha ya uso wa kichwani ulionyolewa vizuri, iliyopigwa kupitia kioo cha kukuza, pamoja na uzito uliopimwa na mahali mti ulipotoka, inaweza kufikisha mtu kwenye jina la jamii, na mara chache kwenye jina la mti wenyewe.

Nani anaweza kunithibitishia jina?

Nchini Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, vyote vya Morogoro, vina wataalamu wa mbao. Nchini Kenya ipo KEFRI, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, yenye makao yake Muguga. Kwa miti ya Kongo, Jumba la Makumbusho la Afrika huko Tervuren, Ubelgiji, lina mojawapo ya makusanyo makubwa ya sampuli za mbao duniani. Sampuli iwe na kiini pamoja na tabaka la nje, na isiwe imepakwa kitu chochote. Kwa kazi ya kawaida ya kuchonga, kulijua jina la jamii hutosha. Jina kamili hulazimika unapotaka kuuza nje ya nchi.

Vumbi lake lina madhara gani?

Vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 1995, hasa kwa sababu ya saratani ya pua. Miti yenye mafuta huongeza tatizo la pili, ambalo ni mzio. Jamii ya Dalbergia ina kemikali zinazowasha ngozi na kuvimbisha macho; msaji na mvule zina zake. Mwenendo wa mzio huwahadaa mafundi: mtu huchonga mpingo miaka mitano bila shida, akajiona ana kinga, kisha siku moja mikono inaota vipele, na tangu hapo kila akiugusa vumbi lake hali hurudi upesi zaidi. Mwili hauzoei mzio wa namna hii. Unaukumbuka.

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwa sababu kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo ambazo ndizo zenye madhara makubwa. Piga msasa nje au mahali penye upepo unaotoka kwako kwenda mbali. Funika mikono kwa mikono mirefu, lakini usivae glavu karibu na kerezo au keekee inayozunguka. Osha ngozi kwa maji na sabuni kabla ya jasho kulikaza vumbi. Aliye na pumu auache mti asioujua.

Mti huu unaonekana umelowa. Nitajuaje kama umekauka?

Upime uzito kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki nne au tano mfululizo katika msimu mmoja, mti umekaribiana na hali ya hewa ya mahali hapo. Miti mizito hukauka polepole mno, na gogo la mpingo huhitaji miaka, si miezi. Paka ncha zote nta iliyoyeyushwa au rangi nzito siku ile ile ya kukata, kwa sababu maji hutoka kichwani haraka kuliko ubavuni, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Kwa nini kinyago kilichokuwa kizima Dar es Salaam kimepasuka baada ya kufika Ulaya?

Kwa sababu kilichongwa kingali na maji, au kilikuwa kikavu kwa hewa ya pwani tu. Nyumba iliyowashwa mitambo ya joto wakati wa baridi ina hewa kavu kuliko wachongaji wa Mwenge au Mombasa wanavyoweza kufikiri. Kinyago kinene kilichobakizwa na moyo wa mti katikati yake hupasuka zaidi, kwani mti husinyaa zaidi kuuzunguka moyo kuliko kuuelekea. Chonga kutoka robo ya gogo inapowezekana, au toboa kitako uipunguze nyama ya ndani. Ufa mdogo hujazwa kwa vumbi la mti huo huo lililochanganywa na gundi ya epoksi. Lakini usiujaze mpaka kinyago kimalize kusinyaa, la sivyo ufa utafunguka pembeni ya kiraka.

Msasa unajaa utomvu na kuacha kukata. Nifanye nini?

Punguza joto. Utomvu hulainika kwa msuguano, ndipo unaposhikamana na vumbi na kuziba karatasi, hivyo mashine inayozunguka kwa kasi huharibu karatasi nyingi kuliko mkono. Fanya sehemu kubwa ya kazi kwa patasi kali na kwa kukwangua na bamba jembamba la chuma lililonolewa, kisha utumie msasa mwishoni tu, ukianza na namba 180 na kupanda hadi 400 au 600 bila kuruka hatua. Safisha karatasi kwa brashi ya waya laini. Inafaa kukumbuka kwamba neno lenyewe msasa ni jina la mti, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa kusugulia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Na majani hayo, tofauti na karatasi, hutupwa bila hasara yakijaa.

Nilipaka mafuta ya kitani na wiki tatu sasa bado yananata. Nimekosea wapi?

Hukukosea namna ya kupaka, ulikosea kuchagua. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa kinyago cha kwanza cha mpingo nilichotaka kipendeze, nikaishia na sanamu iliyovaa vumbi la barabara nzima kama blanketi.

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Hukauka kwa kuungana na hewa ya oksijeni, na muungano huo ndio unaoyageuza kuwa tabaka gumu. Kemikali za kiini cha jamii ya Dalbergia, na za miti mingine kadhaa yenye mafuta, huuzuia muungano huo usiendelee, kwa namna ile ile ambayo baadhi ya dawa za kuhifadhi chakula huyazuia mafuta ya kula yasichache. Vanishi zote zenye asili ya mafuta, pamoja na poliurethani ya kopo inayoyeyushwa kwa tapentaini, hukauka kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo hukumbwa na tatizo hilo hilo. Kuongeza tabaka la pili ili kulikausha la kwanza ni kuongeza matatizo.

Ili kurekebisha, futa yote yanayonata kwa tambara lenye tapentaini, kisha kwa asetoni, ukibadilisha tambara mara nyingi. Acha kinyago kwa siku mbili mahali penye hewa. Yakiwa bado yananata katika mikunjo, kwangua polepole kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Halafu fuata jibu linalofuata.

Basi nipake nini?

Kwa vinyago vya mti mzito wenye nyuzi laini, jibu langu la kwanza ni kutopaka chochote. Mpingo uliopigwa msasa hadi namba 600 au zaidi, kisha ukasuguliwa kwa nguvu kwa kitambaa cha pamba au brashi ya manyoya, hung'aa wenyewe, kwa sababu mafuta yake yanatosha. Mng'ao huo hauchubuki, haubanduki, na mikono ya watu huuongeza badala ya kuupunguza.

Anayetaka kidogo zaidi atumie nta. Yeyusha nta ya nyuki katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ondoa motoni kabisa, kisha changanya na tapentaini mpaka ikipoa iwe laini kama siagi. Paka kidogo sana, acha nusu saa, sugua. Nta haina haja ya kuungana na hewa ili igande, hivyo kemikali za mti haziisumbui. Udhaifu wake ni kwamba kwenye joto la pwani nta ya nyuki pekee hubaki laini na kushika alama za vidole. Kuongeza kiasi kidogo cha nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, huifanya kuwa ngumu zaidi.

Anayehitaji tabaka la kweli la ulinzi, kwa mfano kwa kishikio cha bakora kinachoshikwa kwa jasho kila siku, atangulize shelaki. Hii ni polishi ya magamba ya utomvu wa wadudu inayoyeyushwa katika spiriti, na mafundi wa samani wa zamani wanaijua vizuri. Hukauka kwa spiriti kuvukiza tu, inashika juu ya mti wenye mafuta, na huyafungia mafuta hayo chini yake. Chagua iliyoondolewa nta kama utaweka kitu kingine juu. Tabaka mbili au tatu nyepesi zinatosha. Katika miti inayotoa rangi, tabaka la kwanza lipakwe kwa mguso mmoja bila kurudia-rudia brashi, kwa kuwa spiriti huivuta rangi ya kiini na kuisambaza. Shelaki ikikauka kabisa, juu yake vanishi yoyote hukauka kama kawaida, kwa sababu haigusani tena na mti.

Mafuta ya nazi yapo karibu na kila mtu na ndiyo maana hupakwa sana. Hayakauki kabisa, huvuta vumbi, na baada ya muda hupata harufu. Sioni sababu ya kuyatumia kwenye mti ambao tayari umejaa mafuta.

Je, nifute uso kwa asetoni kabla ya kupaka au kuunganisha gundi?

Kwa gundi, ndiyo. Futa uso, subiri asetoni ivukize kwa dakika chache, kisha paka gundi mara moja, kwa sababu mafuta ya ndani hupanda tena juu ndani ya saa chache. Piga msasa mpya kabla ya kufuta, tumia epoksi badala ya gundi nyeupe ya maji, na usikaze vibano kiasi cha kuikamua gundi yote nje. Kwa shelaki au nta, kufuta si lazima. Pale kiini cheusi kinapokutana na tabaka jeupe, futa kutoka kwenye weupe kuelekea kwenye weusi, kila mara kwa upande safi wa tambara. Ukifuta kinyume chake utautia weupe doa la zambarau lisilotoka, na wachongaji wengi huacha tabaka hilo jeupe kwa makusudi ili lipambe kazi.

Rangi nzuri ya mti mpya itabaki?

Haitabaki. Kokobolo hupoteza uchungwa wake na kuwa kahawia iliyokolea, msaji hukolea, Guaiacum huwa kijani. Kuweka kazi mbali na jua la dirishani hupunguza kasi. Hakuna vanishi ya dukani inayosimamisha mabadiliko hayo.

Naweza kuchonga mwiko au bakuli la chakula kwa mti nisioujua?

Hapana. Tumia mzeituni mwitu au mti mwingine ambao watu wa kwenu wamekuwa wakiulia chakula kwa vizazi.

Kuna sheria gani kuhusu miti hii?

Jamii ya Dalbergia, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili iliyo katika Kiambatisho cha Kwanza, imo yote katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, mpingo ukiwemo; kokobolo ilitangulia kuingizwa mwaka 2013. Tangu marekebisho yaliyofanywa mwaka 2019, kazi zilizokamilika zimesamehewa kibali cha CITES iwapo uzito wa mti huo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10, na ala za muziki zilizokamilika nazo zimesamehewa. Magogo na vipande visivyochongwa havikusamehewa. Msandali wa Afrika Mashariki uliingia mwaka 2013, na Kenya ilikwisha kupiga marufuku uvunaji wake tangu 2007. Miti ya Guaiacum imo pia. Mkutano wa mwaka 2022 uliongeza miti ya Afrika ya jamii za Pterocarpus na Afzelia, yaani mninga na mbambakofi, hasa kwa magogo na mbao. Zaidi ya mkataba huo, kila nchi ina vibali vyake vya kuvuna na kusafirisha mazao ya misitu, ambavyo hutolewa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa Tanzania Bara na KFS, yaani Huduma ya Misitu, kwa Kenya. Ndiyo maana ni busara kuandika nyuma ya kila kipande ulichopokea, kwa penseli, kilitoka kwa nani, wapi na lini. Afisa wa forodha hataukubali uzuri wa kinyago kuwa ni risiti.

Matambara na vumbi lililobaki nivifanyie nini?

Tambara lililolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta huzalisha joto likiwa linakauka, na likiwa limekunjwa ndani ya ndoo au limerundikwa pembeni huweza kuwaka lenyewe, hata usiku wakati karakana imefungwa. Litandaze nje juu ya waya au jiwe mpaka likakamae, au litumbukize katika maji kabla ya kulitupa. Matambara ya asetoni na spiriti yakauke nje, mbali na jiko. Vumbi la mti usioujua usilimwage kwenye banda la kuku wala la farasi, na usilifukizie nyumba hata likinukia vizuri namna gani. Vumbi la mpingo uliothibitishwa liweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ndilo utakalolihitaji siku ufa utakapotokea.